Mlango wa Bi Tufaha

Tangu Tufaha apooze upande wa kushoto, alikuwa haiwezi nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya kizamani kule Deira, mtaa wa Dubai, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ina ngazi za kupandia barazani, milango myembamba, na choo cha uani ambacho hata mtu mwenye afya yake alikiingia kwa ubavu. Kiti cha magurudumu hakikupita popote. Basi Tufaha akabaki hospitali, kwenye wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, na mdogo wake Kuruthum akawa mtu wa kwenda na kurudi na chupa ya uji.

Dada hawa walitoka Unguja wakiwa wasichana, wakaolewa Dubai, wakapata uraia. Kwa hiyo Kuruthum aliposikia kwamba serikali inawakarabatia raia nyumba zao chakavu bila malipo, alivaa buibui lake akaenda kuomba.

Kaka yao, Sheikhan, hakupendezwa. Mwaka ule Deira nzima ilikuwa ikichimbwa kwa ajili ya treni ya metro, na yeye aliona huo ndio wakati wa kuuza, Tufaha akae palepale penye wauguzi. Nia yake haikuwa mbaya. Alimwogopea Kuruthum, ambaye magoti yalishaanza kumsumbua, asije akaumia kwa kumwinua mgonjwa. Kuruthum alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama yeye angeridhika kuogeshwa na watu baki maisha yake yote.

Idara ya serikali inayohusika na nyumba ikamtuma mhandisi, kijana mpole aitwaye Shakir. Alipanda juu ya paa, akagonga kuta, akakagua nyaya za umeme. Alimweleza Kuruthum kwa Kiarabu kwamba paa litatengenezwa, nyaya zitabadilishwa, nyufa zitazibwa. Ama milango na choo, hapana; msaada ule ni wa vitu vilivyoharibika, na milango ile ilikuwa mizima. Kuruthum alibisha, akabembeleza, wapi. Alichoambulia ni kwamba kijana angerudi mara moja tena kuhakikisha vipimo, kabla ya kupeleka ripoti yake.

Hapo Kuruthum akapata wazo. Alikwenda kumwomba daktari amruhusu Tufaha atoke asubuhi ambayo Shakir angerudi. Daktari akasita, lakini Tufaha mwenyewe alishaanza kuulizia kanga yake ya kutokea.

Shakir aliporudi alimkuta Tufaha chini ya ngazi, kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Huyu ndiye mwenye nyumba," Kuruthum akamwambia. "Tafadhali, mwanangu, mwingize ndani."

Kijana alitabasamu, kisha akaona kwamba hafanyiwi mzaha. Yeye na jirani mmoja wakakinyanyua kiti mpaka barazani. Mlangoni magurudumu yakakwama. Akakirudisha nyuma, akakipinda, akajaribu tena, jasho linamtiririka. Tufaha aliikazia macho sebule ambayo hakuwa ameiona tangu alipougua. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, ila kila neno lilisikika.

"Mlango nisioweza kuupita mimi, unauitaje mzima?"

Shakir akaachia vishikio vya kiti. Akatoa futi yake, akaupima mlango upya, kisha wa chumba, kisha wa choo. Alipomaliza alimwinamia Tufaha akamwambia kwamba mara ya kwanza alikuwa ameiona nyumba tu, mwenye nyumba hakumwona.

Wakubwa zake walimhoji sana, naye akasimama na ripoti yake mpaka wakakubali. Mafundi wakaja. Ngazi zikapewa mteremko wa saruji pembeni, milango ikatanuliwa, na chumba kilichopakana na sebule kikawa bafu na choo, chenye vyuma vya kushikia ukutani.

Tufaha alirudi nyumbani siku mbili kabla ya Idi. Sheikhan alikuja kusaidia, akanyoosha mkono kukisukuma kiti, Tufaha akaupiga kofi. Alijisukuma mwenyewe kwa mkono wa kulia na mguu wa kulia, anakwenda upogo, anasimama, anajiweka sawa. Akapanda mteremko. Akapita mlangoni bila kugusa popote, akamgeukia kaka yake aliyekuwa bado amesimama nje na kumwambia, "Karibu kwangu."

Kisha akauliza choo kiko wapi. Kuruthum akamwonyesha, akataka kumfuata.

"Wewe unakuja kufanya nini?" Tufaha akamuuliza, akaingia na kufunga mlango kwa ndani.

Kuruthum alisimama nje ya mlango ule, akasikia maji ya bomba yakifunguliwa, akacheka mpaka ikambidi akae chini.