Nyasi Mbili Kwenye Karatasi Moja

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, saa tatu na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakipiga vioo, Profesa aliingia katika jumba la mimea mikavu bila kufuta viatu. Mtunza jumba, mpwa wake, alisimama.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia. Alivuta kiti, akaketi. "Fomu yangu iko wapi?"

Fomu ilikuwa mezani, haijatiwa saini. Jarida la sayansi lilikuwa tayari kuchapisha jenasi mpya ya Profesa, yaani ukoo mpya wa nyasi-sindano, zile ambazo mbegu zake hupenya soksi zikachoma mpaka nyama. Lilisubiri jambo moja: Mtunza athibitishe kwamba sampuli ya msingi, ile karatasi moja ambayo jina zima huiegemea, imebeba mmea mmoja.

Mtunza aliisogeza karatasi chini ya lenzi. "Tazama hapa, Mjomba. Chini ya utepe."

"Mimi natazama nyasi tangu wewe hujazaliwa."

"Basi tazama mara moja zaidi. Bua linaishia hapa. Suke hili lina bua lake, limepita nyuma. Mkusanyaji alizibana nyasi mbili katika gazeti moja, mbandikaji akazifunga pamoja. Nawe ukachukua majani ya hii na mbegu za ile. Umempa mbuzi kichwa cha kuku, kisha unamtafutia jina."

"Chunga ulimi wako!"

Hata hivyo aliinama. Alikaa kwenye lenzi muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye hakika. Alipoinuka, mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Nani mwingine ameona?"

Mpaka hapo Mtunza alikuwa akimtetea moyoni: ni mzee, macho yamechoka, kukosea si kosa. Swali lile likaumaliza utetezi wote.

"Mimi tu."

"Vizuri. Bandika utepe mpya hapo pasionekane, tia saini, tuyamalize. Au hukusoma jenasi hii nimeipa jina la nani? La dada yangu, mama yako mzazi! Kaburi lake halina hata maandishi, nami nampa jina litakalosomwa dunia nzima."

Mtunza amelisoma mara ngapi jina lile tangu Ijumaa fomu ilipofika, mwenyewe hajui. Limepigwa chapa juu ya fomu, limevishwa mkia wa Kilatini, limependeza.

"Usijifiche nyuma ya marehemu, Mjomba. Siku wataalamu watakapolifuta jina, watakuwa wanamfuta yeye."

"Shukrani ya punda!" Profesa aliipiga meza. "Ulikuja kwangu una miaka tisa, kamasi puani. Nani alikulea? Nani alikufundisha kuishika hiyo lenzi unayonitolea nayo macho? Nakudai, binti. Leo nataka deni langu."

Mtunza alichukua kikaratasi cha masahihisho, akaandika: *Nyasi mbili. Haifai kuwa sampuli ya msingi.* Akaweka tarehe na jina lake, akakibandika pembeni mwa sampuli, mahali ambapo kila atakayeifungua atakiona.

"Kuanzia leo," Profesa alisema kwa sauti ya chini, "huna mjomba."

"Hilo ni lako kuamua. Ulinilea, sikatai, na ukizeeka ukahitaji wa kukushika mkono utanikuta. Lakini kwa saini hii, silipi."

Akamrudishia fomu ikiwa haina saini vilevile.