Mstari wa Masizi

Bango lilikuwa refu kumpita mtu, limesimamishwa kwenye lango la gati. Nyuma yake manowari yenyewe ilikuwa imefungwa kamba, mizinga imezibwa midomo kwa mbao. Haikuwa na safari tena. Kesho wakubwa wangekuja, tarumbeta zipigwe, utepe ukatwe, na lile lichuma ligeuzwe makumbusho. Kazi ya kuandika historia yake langoni alipewa Brashi Moto.

Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake wa mabango, nusu kwa ajili ya mkono wake mwepesi, nusu kwa ajili ya mdomo. Tangu asubuhi mdomo ulikuwa umetulia. Aliandika doria za mpakani. Aliandika kivuko kilichopinduka, na abiria waliovutwa kwa kamba mpaka wa mwisho. Aliandika dhoruba iliyong'oa mlingoti. Kisha akaufikia mstari wa mwisho kwenye karatasi aliyopewa na Luteni msimamizi wa sherehe, na mkono ukagoma.

"Katika utumishi wake wote, manowari hii haikupoteza baharia hata mmoja."

Baba yake alikuwa fundi wa injini humo humo. Wenzake walimwita Masizi, maana hata aogeje, masikio yalibaki meusi. Siku bomba la mvuke lilipompasukia, Brashi Moto alikuwa bado hajaanza shule.

Akashuka ngazi mbio na brashi yake mkononi, moja kwa moja hadi ofisi ya Luteni.

"Afande, mstari wa mwisho ni uongo."

Luteni alikuwa kijana wa rika lake, shati limepigwa pasi hadi ungeweza kukatia nyanya. "Uongo vipi?"

"Baba yangu alikufa mle ndani."

"Fundi Masizi? Pole sana. Lakini kumbukumbu zetu zinasema alifia hospitali. Anayefia nchi kavu hahesabiwi melini. Ndiyo kanuni."

"Kwa hiyo angefia mlangoni, mguu mmoja melini na mwingine gatini, mngemgawana?"

"Kaka, unanidondoshea rangi sakafuni." Luteni akavuta pumzi. "Niletee mtu aliyekuwepo, aseme alifia ndani. Naufuta mstari hapa hapa. La sivyo andika, au nimwite fundi mwingine."

Mtu aliyekuwepo hakuwa mbali. Serahangi, aliyekuwa mkuu wa mabaharia wa sitaha kabla ya kustaafu, alikuwa amekaa juu ya chuma cha kufungia kamba, akiitazama meli yake ya zamani. Yeye ndiye aliyembeba Masizi, na ndiye aliyekuja nyumbani kuleta habari. Tangu siku hiyo Brashi Moto alimwita baba mkubwa.

"Baba mkubwa, inuka twende kwa Luteni. Ukaseme baba alifia wapi."

"Hospitali. Nani asiyejua?"

"Niangalie usoni useme hivyo."

Mzee akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Unanisumbua, mwanangu."

"Nakusumbua ndiyo. Alifia wapi?"

"Kwenye ngazi za chumba cha injini," Serahangi akasema, akiiambia kofia. "Mikononi mwangu. Hatukuwahi hata kufika naye juu."

 Brashi Moto alitaka kumkumbatia mzee na kumtikisa kwa pamoja. "Basi twende! Unangoja nini?"

"Siendi."

"Huendi? Miaka yote hii unakula kwa mama, unakalia kiti cha baba, leo neno moja tu linakukwama kooni? Baharia mzima unaogopa kijana wa pasi?"

"Punguza sauti. Simwogopi huyo. Namwogopa baba yako."

Kisha yakatoka. Maneno yale ya kwenye karatasi, alisema, hayakutungwa ofisini. Ni ya Masizi. Kila kuruta aliyeshuka chumba cha injini akitetemeka, Masizi alimpiga mgongoni: "Usiogope, manowari hii haipotezi mtu." Na siku alipoungua, alimkamata Serahangi kwenye kola. "Nitoeni humu. Nisije nikaiharibia meli jina." Akakata roho ngazini.

"Tukamfunika blanketi mpaka shingoni, kichwa nje, kama mgonjwa. Njia nzima tunamsemesha. Mlinzi wa lango hili hili akamwambia, 'Ugua pole, fundi.' Mimi nikaitikia kwa niaba yake, 'Ahsante.' Nilimwahidi, mwanangu. Sasa unataka niende nikamfishe tena humo?"

 Kumbe mwizi wa kifo cha baba alikuwa baba mwenyewe, naye hapatikani kugombezwa. Brashi Moto akalipiga teke kopo lake la mafuta ya taa ya kuoshea brashi, likabingirika hadi miguuni mwa mama yake.

Mama alikuwa ameshindwa kuingoja kesho. Gauni la sherehe tayari mwilini, mkoba kwapani. "Nimesema nije nione walipomweka," alisema. "Yuko mstari gani?"

Wakamweleza, huyu akianza, yule akimalizia. Mama hakulia. Alimwambia Serahangi, "Kumbe wewe ni mwongo hodari hivyo," na mzee akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulipopatwa na surua ukalegea kama kitambaa, baba yako alikupakata usiku kucha. Mimi nalia, yeye ananiambia, 'Nyamaza, mke wangu, nyumba hii haipotezi mtu.' Ni maneno yake kweli."

"Kwa hiyo niuandike, mama? Niseme hakufa?"

"Mimi nataka jina lake nilione. Mengine pambaneni wenyewe."

Brashi Moto akapanda ngazi. Aliuandika mstari ule kwa hasira, lakini hajawahi kuandika herufi nzuri kama zile. Kisha akateremka hadi pembeni chini, mahali ambapo kila fundi wa mabango huacha jina lake. Mahali pa Brashi Moto akaandika: MASIZI.

Luteni akaja, akasoma, akafika pembeni. "Huyu si..."

"Ndiye. Maneno ni yake. Fundi kusaini kazi, kanuni yenu inakataza?"

"Mbona herufi kubwa hivi?"

"Leo mkono wangu mzito, afande."

Luteni akamtazama mama, aliyekuwa amesogea akilifuata jina kwa kidole, bila kuigusa rangi mbichi. Akarekebisha kola isiyo na kosa, akaondoka.

"Nipe hicho kitambaa," Brashi Moto akamwambia Serahangi. Mzee akampa haraka, uso ukianza kuchangamka.

"Sijakusamehe, baba mkubwa."

"Najua."

"Wala baba mwenyewe." Akaendelea kuisugua brashi, ambayo ilikuwa imetakata zamani.