Lori la Kumchukua Nzilani

Mdomo wa Mzee Kiilu wa Witeithie haukuwa na breki, na siku ile hata lori lake halikuwa nazo. Tangu asubuhi alikuwa amelala chini ya hilo gari bovu la kubebea mchanga, akilitukana kwa Kikamba, na saa hiyohiyo Mulei, fundi wa redio kutoka Ruiru, akaingia na wazee kumposa Nzilani, binti yake Kiilu. Mulei naye, kwa kutafuta cha kusema, akasema, "Mzee, hili si uliuze tu chuma chakavu, upumzike?"

Haiya! Kiilu alitoka huko chini na grisi usoni, akavua kofia, akaipiga chini mbele ya wazee wote. "Nzilani hatoki boma hili mpaka achukuliwe na lori la huyu kijana! Lake mwenyewe!"

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kufikia jioni hasira ilikuwa imemtoka, na ukweli ni kwamba Kiilu alimpenda Mulei, maana hakuna fundi mwingine aliyeweza kuifanya redio yake ishike salamu za jioni. Lakini kiapo kilichotolewa mbele ya wazee hakirudi tumboni. Kiilu akawa anazunguka boma kama kuku aliyepoteza vifaranga.

Aliyeachiwa mzigo ni mkewe, Mbithe. Walipokuwa wakichambua maharagwe, Nzilani alimwambia bila kuzunguka. "Mama, mwezi huu ukiisha mimi naenda Ruiru. Baba akitubariki, sawa. Akikataa, naenda hivyo hivyo, na nikitoka hivyo sitarudi hapa. Nitarudi na uso gani?" Mbithe alizaa huyo mmoja tu. Aliogopa mpaka akayamwaga maharagwe.

Akamkimbilia Mzee Mwanzia, mkubwa wa ukoo. Mwanzia alifikiri sana, akanusa ugoro, akauliza, "Kiilu alisema lori. Alitaja tani?"

"Hakutaja."

"Alisema urefu wake?"

"Hapana, mzee."

"Basi kijana alete lori. Liwe lake, liende lenyewe, libebe kitu cha bibi harusi. Mimi nitalikagua."

Mulei alipopata habari hiyo alipiga mbio hadi soko la mitumba, akachimba kwenye vitu vya watoto mpaka akapata kigari chekundu cha rimoti. Ganda lake la plastiki lilikuwa limepasuka, lakini mota ilinguruma vizuri. Kilikuwa cha aina ile ya bei rahisi: ukikiwasha kinaenda mbele moja kwa moja, ukibonyeza kitufe kinarudi nyuma kwa kukata kona, na hakijui kingine. Mulei akalibandua ganda, akakivisha magurudumu mapana ya kandambili. Ikabaki bodi, na kwa bati hakukuwa na mtu kama Mbithe, aliyekuwa akiunda majiko na karai kando ya barabara.

Sasa, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wakamba kuna nthoni, ile haya ya wakwe: kijana na mama mkwe hawatazamani usoni hata kidogo. Na gari huundwaje na watu wawili wasioonana? Mbithe akatundika turubai katikati ya kibanda chake. Yeye akakaa upande huu, Mulei upande ule, na vyuma vikapita kwa chini.

"Mwaitu, bodi iwe na urefu gani?" Mulei aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Shibiri moja na nusu."

"Shibiri yako au yangu?"

"Pitisha mkono niuone."

"Mkono si kama uso tu, Mwaitu?"

Mbithe aliwaza sana kuhusu jambo hilo. Mwishowe akaamua kwamba mkono si uso, bora usipunge. Wakapima.

Akalikata debe la mafuta ya kupikia, akalikunja, akaunda kichwa, boneti, na kuta za pembeni. Taa aliweka vifuniko vya soda. Na kwa kuwa lori alilolijua maishani ni la mumewe tu, aliliinamisha upande wa kushoto, kwa kudhani malori yote husimama hivyo.

Bodi ilimalizika asubuhi ya siku yenyewe, wazee wakiwa tayari bomani. Mulei akasukuma chasisi chini ya turubai. "Mbele yake ni mkono wa kulia!" akasema, akakimbia kubadilisha shati. Mbithe akaweka kichwa upande wa mkono wake wa kulia, akapiga ribiti pande zote, ngumu kabisa. Nzilani akalibeba lori hadi getini likiwa limefunikwa leso.

Mzee Mwanzia alilifunua, akainama kulikagua. "Honi?" Mulei akafanya honi kwa mdomo. "Breki ya mkono?" Mulei akaweka jiwe chini ya gurudumu. "Limepita," Mwanzia akasema, akaliondoa jiwe yeye mwenyewe.

Mulei akawasha, na lori likaondoka kwa matako. Alibonyeza kitufe upesi, nalo likaenda kwa kichwa, lakini likazunguka na kuzunguka kama mlevi mpaka mbuzi wa mahari wakakata kamba. Jikoni, Mbithe aliyekuwa akichungulia ufani alishika kifua. Mkono wa kulia! Wa nani sasa? Walikuwa wamekaa wakielekeana! Aibu ilimpanda, akaona binti yake ndiye huyo anapotea, na aliyempoteza ni yeye na nyundo yake.

Mulei hakuwa na la kufanya. Alililenga vizuri, akaliacha liingie bomani mkia mbele, hadi likagonga kiatu cha Kiilu. Nzilani tayari alikuwa ameshika mkoba wake.

Kiilu alisimama. Akalizunguka lori, akagusa lile bega lake la kushoto lililoinama, akalitazama lake kubwa lililokufa pale kwenye mawe.

"Nimeendesha lori tangu ujana," alisema. "Mtu akija kupakia, anaingia na kichwa?"

"Hapana," wazee wakajibu.

"Anaingia kinyumenyume, mkia uelekee mzigo. Huyu amekuja kupakia. Mpakieni!"

Nzilani akavua viatu, vikatiwa ndani. Mulei akalizungusha lori mpaka mkia ukaelekea getini, Kiilu akatangulia akilipungia mikono na kupiga kelele kama utingo, "Kuja! Kuja! Kata kidogo! Kuja!" huku machozi yakimtiririka bila yeye kujua. Mulei hakugeuka, kwa nthoni. Nzilani pia hakugeuka. Ni lori peke yake lililoondoka likimtazama Mbithe kwa vile vifuniko viwili vya soda, mpaka getini.

Hapo Nzilani akasimama, peku, akageuza uso. "Mama! Jumapili nakuja kula, usinimalizie mboga!"

Mbithe alimjibu kwa ukali kwamba akichelewa atakuta sufuria imeoshwa, kisha akakaa chini jikoni akalia mpaka ugali ukaungua.