Madoa Yenye Kona Nne

Fundi wa tando alikuwa mwanamke mwenye mikono isiyotetemeka. Kutetemeka alikuwa ameuachia moyo. Miezi miwili mizima alikuwa akitengeneza tando za alumini, nyembamba kiasi kwamba ungepanga mia saba ndipo ufikie unene wa unywele mmoja. Zilikuwa za kupigwa na leza kubwa ya ghorofa ya chini ya maabara, na zamu ya kikundi chao ilikuwa leo, saa nane mchana. Zikionekana chafu, zamu inakwenda kwa wengine, na kikundi chao kingoje mwaka.

Profesa, mkuu wa kikundi, hakumung'unya maneno: "Nilitaka tuagize, ukasema utatengeneza mwenyewe. Haya, wewe na tando zako."

Basi asubuhi hiyo fundi akampelekea wifi yake utando mmoja wa majaribio. Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyeendesha darubini ya elektroni, na ulimi wake ulikata kuliko wembe.

"Karibu, bi harusi," alisema, ingawa harusi yenyewe ilikuwa na miaka kumi na moja. "Kaka yangu umempikia, au leo anakula alumini?"

"Wifi, tazama kwanza, unitukane baadaye."

"Vyote naviweza kwa pamoja."

Akautazama kwa karibu sehemu tatu, kila moja akiganda hapo dakika kadhaa apate picha kali. Safi, safi, safi. Kisha akarudisha picha nyuma ili waone utando kwa upana. Akasogeza kiti karibu na skrini.

"Kuna nini?"

"Madoa, wifi. Matatu. Meusi."

Fundi akaanza kutafuta alipokosea. Maji ambamo tando zilielea zikitengenezwa yalikuwa machafu? Au glavu? Alishaanza kupanga maneno ya kumwambia Profesa, na hakuna hata moja lililokaa sawa.

Wifi akachukua simu. "Lazima nimwambie Profesa. Usinichukie."

"Ngoja!" Fundi alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa skrini. "Doa gani lina kona nne? Maji huacha duara. Mafuta husambaa. Haya kama yamepigwa rula. Hebu niambie, ulitazama wapi kwa karibu?"

Wifi akaangalia orodha yake ya sehemu alizotazama. Polepole akaiweka simu mezani.

Ndani ya darubini hubaki mvuke kidogo wa mafuta, na mwale wa elektroni ukikodolea mahali pamoja, mvuke huo huungua papo hapo na kuacha doa lenye umbo la mraba uliopigwa na mwale. Wakaenda mahali ambapo hapajatazamwa bado: peupe. Wakakodolea dakika tano, wakarudi nyuma. Doa la nne, na kona zake nne.

"Mama alinionya nina kijicho," wifi alisema, "nikabisha."

Fundi alicheka mpaka machozi. Tando kumi na mbili za leza, zilizokuwa bado kwenye kisanduku, hazikuwahi kuonja mwale wowote.

Wifi akampigia Profesa. "Ziko safi. Ukiona madoa kwenye picha, ya kwangu hayo, niandike mimi." Akakata simu. "Inuka, bi harusi, upeleke mzigo chini."

Lakini fundi alikuwa ameshakaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Nipe dakika moja, wifi," alisema. "Miezi miwili sijakaa."

Wifi akamtazama, akaketi naye.