Mkono wa Dirishani

Honi aliondoka tena saa tisa kasorobo, akaacha nusu ya chai kikombeni.

Wazee watatu waliobaki walimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona ya duka la vipuri. Kisha wakageuka kukitazama kikombe. Kwenye kijiwe kile, ukimya wa namna hiyo ulikuwa haujasikika tangu siku redio ya fundi wa matairi ilipotangaza bei mpya ya dizeli.

"Hii ni siku ya tisa," alisema Mizani hatimaye.

"Ya nane," alisema Tela. "Jumapili hakuja."

"Jumapili hatukuja sisi. Yeye unajuaje alikuwa wapi?"

Kijiwe chenyewe kilikuwa kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori lililouzwa chuma chakavu, kikawekwa nje ya karakana ya matairi. Kiliwatosha madereva wanne wastaafu, na kila mmoja alikuwa na mahali pake. Wote walikuwa wameitumikia kampuni moja, na wote waliitana bado kwa majina ya barabarani. Mizani aliwahi kuzunguka kilomita themanini ili kuikwepa mizani ya malori, akafika mwisho wa mzunguko na kuambiwa kwamba mizani yenyewe ilikuwa mbovu siku hiyo. Tela aliitwa hivyo kwa sababu hakuanza safari yoyote bila kuvutwa, hata ile ya kwenda kwenye harusi yake mwenyewe. Honi, kwa miaka thelathini na minne, hakupiga honi mara moja, na mdomo wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Wa nne, Rivasi, alilirudisha lori lenye shehena kinyumenyume mlimani baada ya daraja kukatika. Siku ya tukio umbali ulikuwa kilomita moja. Sasa, kwa masimulizi yake, ulikuwa umefika nne.

Rivasi ndiye aliyekaa roho juu kuliko wote. Honi alikuwa shemeji yake. Mke wa Honi alikuwa dada yake Rivasi, wa tumbo moja.

"Labda ana miadi hospitali," alisema.

"Kila siku?" Mizani alimkatiza. "Mimi goti langu limekufa, na hospitali wananiona mara moja kwa mwezi. Tena wananikagua kama gari la serikali. Teke moja kwenye tairi, saini, nenda."

"Goti lako halijafa," alisema Tela. "Limestaafu. Limeona mwenye nyumba hafanyi kazi, nalo likakaa."

"Nyamaza wewe, ambaye rejeta inavuja mpaka mkeo amehamia chumba cha pili."

"Heri rejeta inayovuja. Wako anasema stata haishiki."

Walicheka, lakini kicheko hicho hakikufika mbali. Mizani aliinama mbele na kushusha sauti, ingawa fundi alikuwa ndani akipiga nyundo na asingesikia hata mlipuko.

"Sikilizeni. Chai ameacha. Kwa nini dereva anaacha chai?"

Wote walijua. Mtu anayekwenda kushika usukani hajazi tumbo maji. Ndiyo sheria ya kwanza ya safari.

"Pili, ule mfuko anaokuja nao," aliendelea Mizani. "Tela, si uliunyanyua jana?"

"Niliusogeza tu nipate pa kukaa. Ni mwepesi. Ndani kuna kitu laini." Tela alisita. "Nadhani ni ule mto wake. Ule wa bluu aliokuwa akiukalia njiani."

"Umesikia? Na la tatu?"

"Mkono," alisema Rivasi polepole. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona, na alikuwa amelinyamazia jambo hilo kwa siku nne. Mkono mmoja wa Honi ulikuwa umeiva kwa jua kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini, na ule wa pili ulikuwa na rangi yake ya kawaida. Kila dereva aliwahi kuwa na mkono wa namna hiyo. Ulikuwa mkono wa dirishani, ule unaoegemezwa nje safari nzima.

"Anaendesha," alihitimisha Mizani. "Kuna tajiri amempa gari kwa siri, na sisi anatuona mabwege."

Rivasi alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka uliopita, Honi alizimia akiwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta. Lori lilijiendea lenyewe mpaka likaegemea ukuta, na ilikuwa bahati kwamba hapakuwa na mtu ukutani. Daktari alimkataza kugusa usukani maisha yake yote. Jioni ile mke wa Honi alimwita kaka yake Rivasi jikoni, akafunga mlango.

"Kaka, wewe ndiye macho yangu huko kijiweni," alimwambia. "Siku akishika gari tena, sitakaa hapa kusubiri kuletewa maiti. Nitahamia kwa binti yangu. Niapie kwamba utaniambia."

Rivasi aliapa. Sasa kiapo kilimbana pande mbili. Akimwambia dada yake, ndoa ya miaka thelathini na mitano itavunjika kwa mdomo wake. Asipomwambia, shemeji yake atazimia katikati ya barabara, naye atabeba lawama mpaka kaburini.

"Kesho nitamfuata," alisema.

"Twende wote," alisema Mizani, macho yakimng'aa.

"Wewe na goti gani? Na Tela nani atamvuta? Shemeji ni wangu. Nitakwenda peke yangu."

Kesho yake Honi aliacha tena nusu kikombe. Rivasi alimpa nafasi ya mita hamsini, kama alivyozoea kuliachia lori lililo mbele. Walipita kiwanda cha magodoro, wakavuka mtaro, wakaingia mtaa wa maghala ambao magari yalikuwa yameuhama siku nyingi. Honi alitembea upesi, mfuko kwapani. Kila baada ya muda aligeuza shingo upande mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayeangalia vioo. Rivasi alijibanza nyuma ya mkokoteni wa muuza vyungu.

"Unanunua?" aliuliza muuza vyungu.

"Naangalia."

"Angalia vyungu basi, baba. Mbona unaangalia barabara?"

Rivasi aliomba radhi, akaondoka haraka. Machale yalikuwa yameshamcheza. Mtu asiye na la kuficha haangalii nyuma mara sita katika mtaa mmoja.

Honi alifika kwenye geti la ghala lililofungwa, akalisukuma, akaingia. Rivasi aliegemea ukuta kwa nje na kutega sikio. Alisikia mlango wa gari ukifungwa, kisha wa pili. Kwa hiyo yuko na mtu, aliwaza. Huyo tajiri mwenyewe. Injini ikawaka. Ilikuwa ndogo, ya petroli. Halafu ikaja sauti iliyomsimamisha nywele: gia ikikwaruza, chuma kwa chuma, kama meno ya fisi kwenye mfupa.

Honi hakuwahi kukwaruza gia. Walimcheka kwa hilo enzi zile, wakisema anaibembeleza klachi kuliko mkewe. Kama leo Honi alikuwa akikwaruza, basi ugonjwa ulikuwa umeshuka mpaka mikononi. Gia ilikwaruza tena. Rivasi alipiga moyo konde, akalisukuma geti.

Gari dogo jeupe lilikuwa likija upande wake, polepole, likiyumba. Jua lilikuwa limekipiga kioo cha mbele na hakuona ndani. Aliona tu, dirishani, mkono ulioungua na uso wa shemeji yake. Alikimbia kulikingama, mikono juu.

"Simama! Simama, shemeji! Unataka kufa?"

Gari liliruka mara mbili kama mbuzi, likazimika. Rivasi alifika kwenye dirisha akiwa hana pumzi, akaushika ule mkono kwa nguvu.

"Toka! Toka humo sasa hivi! Nilimwapia dada yangu, na wewe unanifanya mwongo! Nipe ufunguo!"

"Ufunguo sina," alisema Honi.

"Usinichezee! Toa ufunguo!"

"Shemeji. Angalia vizuri."

Rivasi aliangalia. Mbele ya Honi hapakuwa na usukani. Palikuwa na chupa ya maji na miwani ya kusomea. Mkono alioushika ulikuwa wa kushoto, wa upande wa abiria. Wazee watatu, wenye zaidi ya miaka mia moja ya barabara wakijumlishwa, walikuwa wameutazama mkono huo siku zote hizo, na hakuna aliyejiuliza ni mkono gani. Hakuna kati yao aliyewahi kukaa upande ule.

Aliinama zaidi. Upande wa pili, juu ya mto wa bluu, mikono yote miwili ikiwa imeukaba usukani, alikuwa amekaa dada yake.

"Umemaliza kupiga kelele?" aliuliza dada yake.

"Wewe... unafanya nini humo?"

"Nafua nguo. Unaona nafanya nini?"

Lilikuwa gari la binti yao. Asubuhi, dada alisomea udereva kwa mwalimu. Alasiri, mumewe alimrudishia masomo. Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Alieleza hayo bila kuachia usukani, kana kwamba ukiachiwa ungekimbia.

"Na mimi mbona hamkuniambia? Mmenificha kama mwizi!"

"Nilikuomba unifundishe nikiwa na miaka ishirini," alisema dada yake. "Unakumbuka ulichosema? Na unakumbuka ni mara ngapi umekisema tena, kwenye kila kituo cha malori, watu wakavunjika mbavu? Leo nikupe kingine cha kupeleka kijiweni?"

Rivasi alikumbuka. Alikuwa amemwambia kwamba usukani wa mwanamke ni mwiko wa ugali.

"Lakini kwa nini sasa? Umri huu?"

Mume na mke walitazamana. Lilikuwa jicho fupi, na Rivasi hakulipenda. Alikuwa ameshawahi kuona jicho hilo kwenye vituo vya ukaguzi, kati ya dereva na mwenye mzigo.

"Ili kuwe na mtu wa kunifikisha hospitali," alisema Honi. "Ikitokea tena."

"Kwani imetokea tena?"

"Mara moja," alisema Honi.

"Mara mbili," alisema dada yake, papo hapo.

Honi alimgeukia mkewe. "Mbili?"

"Moja, nimekosea. Kaka, ingia nyuma. Usiniharibie saa yangu ya mazoezi. Na usitamke neno."

Rivasi aliingia nyuma. Magoti yake yalifika kifuani. Hakujua afanye nini na mikono, hivyo aliiweka mapajani kama mgeni aliyekuja kuposa. Mara moja, mara mbili; alizigeuza namba hizo kichwani. Mtu hakosei kuhesabu jambo la namna hiyo. Mmoja wao alikuwa akimdanganya, na bado hakujua ni nani.

Gari liliondoka. Dada yake alilizungusha uwanja mzima wa ghala kwa mwendo wa konokono, Honi akimwongoza kwa sauti ya chini, tulivu, maneno mengi kuliko ambayo Rivasi alimsikia akiyasema kijiweni kwa mwaka mzima.

"Hivyo hivyo. Usiutazame usukani, tazama unakokwenda. Kona inakuja. Punguza. Kanyaga klachi, ingiza ya..."

Akanyamaza.

Rivasi alisubiri neno limalizike. Halikumalizika. Aliona kichwa cha shemeji yake kikiinama kidogo, na ule mkono ukiteleza kutoka kwenye ukingo wa dirisha. Dada yake alikuwa ameshaona. Alikanyaga breki bila kushtua gari, akaitoa gia, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Alitazama saa yake. Kisha akakiegemeza kichwa cha mumewe begani kwake na kumfungua kifungo cha shati. Kila kitu alikifanya kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo alizozikunja mara nyingi.

"Nifanye nini?" Rivasi alinong'ona. Mikono yake ilikuwa imeganda hewani.

"Usimguse. Subiri."

Walisubiri. Nje, njiwa walitua kwenye paa la ghala, wakaruka. Macho ya Honi yalikuwa wazi lakini hayakumtazama mtu. Dada yake hakubandua jicho kwenye saa. Alisogeza midomo akihesabu sekunde, naye hakuonekana kuogopa. Hilo ndilo lililomwogopesha Rivasi kuliko yote.

Honi alipepesa macho, akanyoosha shingo.

"...ya pili," alisema. "Mbona tumesimama?"

Dada yake alikuwa tayari ameshaurudisha mkono wake kwenye usukani.

"Nimekosea klachi," alijibu. "Gari limezimika."

"Tena? Nimekwambia klachi inabembelezwa, mke wangu."

Rivasi aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akakutana na ya dada yake. Sasa alielewa namba zile mbili zilikotoka. Honi hakudanganya, alisema alichokijua. Ila mbili nayo haikuwa kweli. Mikono iliyofanya kazi ile haikuwa ya mtu aliyeifanya mara mbili. Rivasi alifumbua mdomo kuuliza ni ngapi, na macho yale kwenye kioo yakamkataza.

Honi aligeuka nyuma, uso wake umetulia, jasho jembamba kwenye paji.

"Shemeji, wewe ni shahidi. Si umeona alivyokanyaga?"

Rivasi alikitupia jicho kioo cha ndani.

"Nimeona," alisema. "Amekosea klachi."

Dada yake aliwasha gari.