Chali au Kifudifudi

Majeruhi waliokuwa wakipiga kelele hawakumtia tabibu hofu. Mwenye kupiga kelele ana pumzi. Waliomkosesha raha ni wale waliopanda ngazi ya kamba kwa miguu yao wenyewe, wameloa chapachapa, hawana hata mchubuko, wakaketi kwenye sitaha na kuomba chai. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Manowari iliyokuwa ikisafiri sambamba na meli ya tabibu ilipigwa kombora ikashika moto, mabaharia wake wakaamriwa kujitosa. Walipokuwa bado wanaogelea, ghala la silaha likalipuka chini ya maji. Mlipuko wa majini hauna adabu. Ngozi hauigusi, unapita moja kwa moja hadi kwenye mapafu na utumbo, unapasua humo humo. Ndiyo maana wakiwa bandarini tabibu aliwafundisha mabaharia wa meli zote mbili mpaka wakamchoka: meli ikiungua nawe uko majini, lala chali, tumbo litazame juu. Shemeji yake, mpishi wa meli ile nyingine, alimcheka mbele ya watu. "Mende ndiye hulala chali, shemeji."

Sasa huyo shemeji alikuwa mbele yake, amejifunika blanketi, anatabasamu. Wenzake walimwita Bwana Chumvi kwa sababu mkono wake haukujua kipimo. Tabibu alimpenda, tena sana. Siku ya kuondoka dada yake alimwambia, "Kaka, mume wangu nimekukabidhi. Usiniletee habari, niletee mtu."

"Ulilalaje majini?" tabibu alimuuliza.

"Chali. Kama mende."

"Shemeji, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Basi nenda kwa wagonjwa, uniache mzima ninywe chai. Mwone yule."

Yule alikuwa fundi wa rada, paja limechanika, damu inatiririka hadi kwenye mbao. Helikopta ilikuwa juu yao, na machela iliyobaki ilikuwa moja tu. Tabibu alijua kanuni: paja unaweza kulifunga hapo hapo melini, lakini utumbo uliopasuka unataka chumba cha upasuaji, na mapema. Alijua pia kwamba mtu haulizwi, hupapaswa: tumbo gumu lisilolegea limepasuka ndani. Lakini mikono yake ilikuwa imejaa damu ya wengine, na jibu alilopewa ndilo alilokuwa analitaka. Fundi wa rada akapandishwa.

Helikopta ilikuwa imekwisha kuwa nukta angani tabibu alipofika kwa fundi wa mitambo, aliyevunjika mkono.

"Mpishi yuko wapi nimshukuru?" fundi aliuliza. "Mimi nilikuwa nazama. Amenisukuma mgongoni njia nzima."

Tabibu aliacha kufunga bandeji. "Alikuwa anaogeleaje?"

"Kifudifudi. Atamsukumaje mtu akiwa chali? Tulipoona ghala litalipuka nikamwambia ageuke. Akasema akigeuka ataniachia."

Tabibu alikwenda mbio. Chai ya mpishi ilikuwa imepoa bila kuguswa, na mwenyewe alikuwa anakohoa kidogo kidogo kwenye kona ya blanketi, akiikunja upesi ili isionekane.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Mwenzangu alikuwa anavuja damu watu wote wanaona. Mimi nipande helikopta nikiwa nacheka? Wangesema nimependelewa na shemeji yangu." Akavuta pumzi fupi. "Na kweli sikuwa na maumivu. Saa ile sikuwa nayo."

Tabibu akapaza sauti kwa mtu wa redio aiite helikopta irudi. Jibu lilikuja upesi: adui ameziba njia, hakuna kurudi hadi kesho. Jamani, kesho. Akamlaza mpishi kwenye sitaha, akalifungua shati, akaweka viganja viwili juu ya tumbo. Lilikuwa gumu kama meza.

"Legeza tumbo, shemeji."

"Nimelegeza."

"Umelikaza. Legeza nikupime."

Mpishi alimtazama, na sasa hakuwa anatabasamu tena.

"Kaka," alisema, "nimelegeza tangu uliponilaza."