Onyo Alilolizima Pei-ling

Ijumaa asubuhi, siku ya nne tangu amtukane Mwalimu Tu hadharani, Pei-ling alilikuta lile onyo alilolizima mwenyewe kwenye mfumo wa kompyuta wa ofisi yao.

Jumatatu mfumo wao wa kupeleka chakula kwa wazee wanaoishi peke yao pale Chiayi, Taiwan, ulitoa orodha tupu. Wazee arobaini na watatu, hakuna jina hata moja. Kilichoharibika ni kiprogramu cha bure cha kugeuza mwaka wa Jamhuri, ule Taiwan inaouhesabu tangu 1912, kuwa mwaka wa kawaida wa dunia. Toleo jipya lilikuwa limejiingiza lenyewe, na mfumo ukashindwa kusoma tarehe za wazee. Mtunzaji wake ni mtu mmoja peke yake, Tu Chin-fa, mwalimu mstaafu wa hesabu, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kulipwa hata bakuli la wali. Ofisi chungu nzima zilimtegemea, asante hakuipata. Pei-ling naye hakumpa. Aliandika kwenye ukurasa wa malalamiko wa kiprogramu hicho, kila mtu asome: "Kama umezeeka na kazi imekushinda, waachie wengine. Watu wameshinda njaa kwa sababu yako."

Mwalimu akajibu kwa mstari mmoja: Ijumaa saa sita mchana anaufunga mradi wa kiprogramu hicho, hatakihudumia tena.

Sasa onyo ndilo hili: njia ya zamani ya kusoma tarehe itaondolewa, tafadhali badilisheni. Miezi sita mzee wa watu aliwabembeleza kila asubuhi kwa maandishi ya njano. Pei-ling aliyazima kwa sababu bosi wake, Bwana Lai, hakutaka wageni waione rangi hiyo kwenye skrini. Upuuzi mtupu. Na jina la aliyezima lilikuwa palepale kwenye kumbukumbu za mfumo, pamoja na tarehe.

Saa tano na nusu alipiga simu.

"Mwalimu, ni mimi, Gao Pei-ling. Niliyekuandikia Jumatatu."

"Ah, binti yangu. Nilitaka kukuuliza, nikaona haya. Wale wazee walikula?"

"Walikula, Mwalimu. Saa tisa, lakini walikula."

"Saa tisa. Tangu siku ile chakula hakinipiti. Naomba unisamehe."

"Usiniombe msamaha, tafadhali. Ulituonya, mimi nikalizima onyo kwa mkono wangu. Kosa ni langu."

"Lako?"

"Langu peke yangu."

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Basi liandike palepale uliponiandikia. Na jina lako uweke."

Simu ikiwa bado hewani, Pei-ling aliandika yote, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Bwana Lai alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Wewe, unatuvua nguo mbele ya watu. Futa hiyo."

"Sifuti, Bwana Lai." Akairudia simu. "Nimeshaandika, Mwalimu. Nakuomba usifunge."

"Nimesoma, binti yangu. Ahsante, leo nitakula." Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Lakini nafunga. Nimechoka siku nyingi, nilikuwa naogopa nikiacha nitaonekana nimekimbia watu niliowalaza njaa. Kumbe sikumlaza mtu. Sasa naweza kupumzika."

Saa sita kamili mradi ulifungwa, na ukurasa wa malalamiko pamoja nao. Maneno ya Pei-ling ya kukiri kosa yalibaki ya mwisho kwenye ukurasa ule, yanasomeka, na hakuna aliyeweza tena kuyajibu.